Jasi Iliyochongwa kwa Mkono

Mimi ni fundi wa jasi. Naitaja kazi yangu kwanza kwa sababu hapa Brussels watu wakimwona mwanamke mweusi wa makamo asubuhi na mapema, viatu vyake vina vumbi jeupe, humdhania anatoka kusafisha ofisi. Wengine wameniuliza hivyo ana kwa ana, kwa upole kabisa. Mama zetu wengi wamesafisha ofisi za mji huu, na mama yangu ni mmoja wao, kwa hiyo swali lile halinitii aibu. Lakini mimi natengeneza dari. Natengeneza maua ya jasi yanayozunguka taa, mikanda inayopita juu ya kuta, nguzo za mapambo kando ya milango. Nyumba za zamani za Schaerbeek na Ixelles zimejaa vitu hivyo, na kila mwaka mvua inavila kidogo kidogo.

Kazi hii niliiona kwanza kwa baba. Kule Bukavu, kabla vita havijatutawanya, alikuwa akimimina maua ya dari kwa ajili ya nyumba zilizokuwa zikijengwa kwenye vilima vya juu ya ziwa. Alikuwa na kalibu tatu tu, za mpira mzito, alizoachiwa na mapadri, na mimi ndiye niliyezipaka mafuta ili jasi isinate ndani. Moja ya kalibu hizo ilikuwa na mkwaruzo kwenye petali ya nne, na kila ua lililotoka humo lilitoka na uvimbe mahali pale pale. Nilikuwa nikiingia nyumba ya watu, nainua macho, nautafuta ule uvimbe, na nikiuona najua baba amepita hapo.

Baba hakufika Ulaya. Tulifika mama na mimi, nikiwa na miaka kumi na tisa. Ilinichukua miaka mingi ya kuwaogesha wazee na kukunja mashuka ya hospitali kabla sijapata shule ya jioni iliyofundisha kazi ya jasi. Darasani nilikuwa mwanamke peke yangu. Mwishoni bosi mmoja Mbelgiji, mwenye kampuni ndogo ya mafundi watatu, alikuja kutazama kazi zetu za mtihani, akasimama mbele ya yangu muda mrefu, akaniuliza naweza kuanza lini.

Bosi huyo ndiye aliyenipeleka kwenye ukumbi ninaotaka kuusimulia.

Ulikuwa Schaerbeek, nyuma ya nyumba ya matofali kwenye barabara ya kawaida, karibu na duka la mikate la Kituruki. Ukipita mlango wa magari unaingia ua wa mawe, na mwisho wa ua kulikuwa na kitu kama ghala, kuta zake zimepigwa saruji ya kijivu. Nilipousukuma mlango nilijikuta nimesimama chini ya kuba. Matao manne yenye umbo la kiatu cha farasi yaliishikilia. Kuta zilikuwa na vigae vya rangi hadi kifuani, na kuanzia hapo kwenda juu kila kitu kilikuwa jasi: majani yaliyopindana, vifundo, nyota ndani ya nyota. Unyevu ulikuwa umekula kona nzima ya kushoto. Vingine vyote vilikuwa vimefunikwa na rangi, koti juu ya koti, mpaka nakshi zikawa kama uso wa mtu aliyelala chini ya blanketi.

Historia yake niliipata baadaye, kipande kwa kipande. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita tajiri mmoja wa hapa alisafiri Morocco, akarudi na hamu ya kuwa na ukumbi kama alioukuta huko, wa kuvutia tumbaku na kukaribisha wageni. Familia yake ilipoondoka, ukumbi ukawa stoo ya fanicha. Kisha wakaja wafanyakazi wa Morocco na Uturuki, wale walioitwa kuchimba makaa ya mawe na mahandaki ya treni za chini ya ardhi. Walitafuta mahali pa kuswali, wakaukodi. Jengo lililokuwa mchezo wa tajiri likawa msikiti kweli, likaswaliwa miaka na miaka, hadi paa lilipoanza kuvuja na waumini wakahamia mahali pakubwa zaidi. Tangu hapo mlango ulikuwa umefungwa.

Sasa mwenye jengo alitaka kujenga fleti. Alikuwa na ripoti ya mtaalamu aliyemlipa mwenyewe, na ripoti hiyo ilisema nakshi zote zilimiminwa kwenye kalibu, mapambo ya kuiga kama yalivyouzwa kwa wingi zamani, hayana thamani ya pekee. Sisi tuliitwa tukate paneli zilizo nzima ili dalali wa vitu vya kale azichukue. Baada ya hapo ingekuja mashine ya kubomoa.

Sitajifanya nilikuwa na uchungu siku ya kwanza. Ilikuwa kazi. Nilipanda jukwaa, nikachagua paneli ya kwanza chini ya kuba, nikaanza kutafuta mahali pa kupitisha msumeno. Ili kupaona ilibidi niondoe rangi. Nilitumia kisu kidogo cha upasuaji, kama tufanyavyo, nikikwangua taratibu. Ilitoka nyeupe, kisha ya maziwa, kisha kijani kizito, na chini ya kijani nikaikuta jasi yenyewe, laini, rangi ya mfupa.

Nilisafisha jani moja, kisha la pili lililokuwa pacha wake upande wa pili wa kifundo. Nikaweka taa pembeni, mwanga ukapita juu ya ukuta ukilala, maana ndivyo makosa yanavyoonekana. Nikasita. Jani la kwanza lilikuwa na mshipa uliopinda kidogo kushoto. La pili mshipa wake ulikuwa umenyooka, na ncha yake fupi zaidi. Nikasafisha la tatu. Nalo lilikuwa na tabia yake. Ukingoni mwa kila jani kulikuwa na mistari midogo, kama ile inayoachwa na kisu kwenye siagi baridi.

Mtu aliyekulia na kalibu anajua jambo moja: kalibu ikiwa na kovu, watoto wake wote huzaliwa na kovu lile lile. Hapa hapakuwa na mapacha. Niliendelea mchana kutwa bila kukata chochote, nikihama kutoka jani hadi jani, na karibu na saa ya kufunga kazi nikafika kwenye safu ya nyota. Zilikuwa za ncha kumi na mbili. Nilizihesabu kwa kidole, moja baada ya nyingine, na ile ya saba ilikuwa na ncha kumi na moja.

Niliihesabu tena mara mbili. Kisha nikamwita bosi.

Bosi wangu ni mtu wa maneno machache. Alipanda, akavaa miwani, akatazama majani, akatazama nyota. Nilimwambia haya hayakumiminwa, yamechongwa, hapa hapa ukutani, jasi ikiwa bado mbichi, na mtu aliyekuwa na kisu mkononi. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika kuliko ninavyojua jina la mtaa.

"Basi tusikate," akasema.

Alimpigia simu mwenye jengo palepale. Sikusikia upande wa pili, lakini niliona shingo yake ikibadilika rangi. Alipomaliza aliniambia tumeamriwa tuendelee kesho. Kesho yake hakuendelea. Alisema rangi za zamani huwa na madini ya risasi na lazima zipimwe kabla mtu hajakwangua zaidi. Hilo lilikuwa kweli tupu, na lilitupatia wiki mbili.

Katika wiki hizo mbili macho yangu yalivimba kwa vumbi, nikaingia duka la dawa kwenye kona ya barabara ile ile kutafuta matone. Mfamasia alikuwa mwanamke wa rika langu, aliyezaliwa hapahapa kwa wazazi wa Kituruki. Akaniuliza vumbi nimelipata wapi. Nilipomwambia, aliweka chupa chini, akanitazama kana kwamba nimemwambia nimetoka chumbani kwa baba yake. Na kwa namna fulani ndivyo ilivyokuwa, kwa sababu baba yake aliswali mle maisha yake yote ya kazi.

Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha wakazi wa mtaa. Sheria hapa inaruhusu chama, kikikusanya saini za kutosha, kuomba jengo lilindwe kama urithi, na wao walikuwa wamekwisha kuomba. Waliosaini walikuwa watu wa kila namna: Waturuki, Wamorocco, wazee wa Kibelgiji wasioingia hata kanisani. Lakini ile ripoti ya mtaalamu ilikuwa imewakwamisha. Kila walipozungumzia kumbukumbu zao walijibiwa kwamba kumbukumbu ni nzuri, ila jasi ni ya kiwandani. Nikamwambia nilichokiona. Alifunga duka saa sita mchana, jambo ambalo alisema hajawahi kulifanya, tukatembea pamoja hadi ukumbini.

Siku mbili baadaye alimleta mzee mmoja mstaafu kutoka Morocco. Mzee huyo alizaliwa Fez, na alipokuwa mdogo alijifunza kuchonga jasi kwa mjomba wake. Kisha akaja Ubelgiji akiwa kijana, akafanya kazi ya mahandaki miaka yote, wala hakushika tena kisu cha kuchongea. Kwao fundi mkuu huitwa maalem. Nilipolisikia neno hilo nilicheka kidogo, nikamwambia hata kwetu Waislamu humwita mwalimu wao maalim. Tangu siku hiyo nikamwita maalim, naye akaniita binti yangu.

Alisimama chini ya kuba bila kofia. Alitazama majani niliyoyasafisha, akasema kwa Kifaransa chake cha taratibu kwamba alijua tangu Ijumaa ya kwanza aliyoingia mle, akiwa na miaka ishirini na kitu. Aliwatambua waliochonga kwa mkono wao, kama mtu anavyotambua lafudhi ya kwao. Mafundi wa Fez, alisema, wanne au watano, waliletwa na yule tajiri.

Nikamuuliza kwa nini hakusema miaka yote hiyo.

"Hakuna aliyeniuliza," akajibu. Halafu akaonyesha rangi ya kijani niliyokuwa nikiikwangua. "Na hiyo ni sisi tuliipaka. Mimi mwenyewe nilishika ngazi. Tulitaka papendeze."

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mama anaishi Ixelles, dakika chache kutoka Galerie d'Ixelles, ile njia ya maduka na saluni za Wakongo, na kila Jumamosi hukaa katika saluni ya dada mmoja wa Lubumbashi, nywele zikitengenezwa au zisitengenezwe. Nilimkuta huko, nikamweleza mbele ya wote, kwa sababu mama hapendi siri. Wale mama walinisikiliza mpaka mwisho. Kisha mama akasema:

"Bon, mutoto wangu, niambie vizuri. Makanisa ya huku yanafungwa kila mwaka. Juu ya nini usitengeneze kanisa? Unaenda kupigania musikiti?"

"Maman, mule iko mikono ya batu. Mutu alisimama ku échelle, juu ya ngazi, akachonga jani moja moja. Siwezi kuvunja ile."

"Donc ni wewe utawafundisha Bazungu mambo ya nyumba yao?"

Wenzake walicheka, na mimi nikacheka, lakini nilirudi nyumbani na maneno hayo kifuani. Yalikuwa na uzito, kwa sababu wiki hiyohiyo barua ilikuwa imefika: tume ya urithi itatusikiliza wote, mwenye jengo na mtaalamu wake, chama na mashahidi wake. Mfamasia aliandika jina langu kwenye orodha ya mashahidi baada ya kuniomba ruhusa. Mimi niliyekuwa nimelipwa na mwenye jengo.

Nilikwenda kwa bosi kumwambia kabla hajasikia kwa wengine. Nilitegemea anikataze, na sijui ningefanya nini kama angenikataza. Alikuwa akiosha miko yake. Akaniambia niseme nilichokiona, nisizidishe. Kisha akaniuliza nitawaonyesha nini, kwa maana watu wa tume hawatapanda jukwaa.

Swali hilo ndilo lililotuokoa. Jioni hiyo na jioni iliyofuata tulirudi ukumbini wawili, tukachukua udongo laini wa kufinyangia, tukaubonyeza juu ya majani manane ambayo kwa mbali yalikuwa sawasawa kabisa, kisha tukamimina jasi ndani ya alama zile. Nikapata majani manane meupe, mkononi, mepesi kama biskuti. Nikayafunga moja moja kwenye taulo za jikoni.

Siku ya kikao nilivaa gauni la ibada ya Jumapili. Chumba kilikuwa na meza ndefu na watu saba au wanane upande mmoja, wengi wao wasanifu wa majengo. Mtaalamu wa mwenye jengo alisema vizuri sana. Alieleza viwanda vya zamani, vitabu vya bei, namna nakshi za Mashariki zilivyonunuliwa kwa mita. Hakuwa mwongo. Alichokisema ni kweli kwa nyumba nyingi za mji huu, nami nimezitengeneza baadhi yake. Ila hakuwa amepanda juu na kukwangua rangi.

Zamu yangu ilipofika nilisimama. Niliwaambia mimi ni fundi, si mwanahistoria. Niliwaeleza kalibu za baba na petali ya nne. Nikaona mwanamke mmoja mwenye mvi akiacha kuandika ili asikilize. Kisha nikafungua taulo, nikapanga yale majani manane kwa safu mezani, nikaomba wazime taa za juu na kuniachia ile ndogo ya meza. Nikailaza pembeni.

Sikuhitaji kusema zaidi. Vivuli vilisema. Kila jani lilitupa kivuli chake, na hapakuwa na viwili vilivyofanana. Mwenyekiti wa tume aliinuka, akaja kuinama juu ya meza, akachukua jani moja na jingine akayalinganisha karibu na pua yake. Akaniuliza kama naweza kuyaacha pale yabaki kwenye faili. Nikasema ndiyo. Yule mtaalamu naye aliomba kuyashika. Aliyageuza mkononi kwa muda, akaniuliza mistari ile ya kisu inaonekana wapi zaidi, nami nikamwonyesha. Akatikisa kichwa polepole, akasema hakuwa ameona haya. Nilimheshimu kwa hilo, na bado namheshimu.

Maalim alisema baada yangu. Alieleza jinsi jasi inavyochongwa Fez, na mwisho akawaambia kwamba ile nyota ya ncha kumi na moja ni kosa la fundi aliyechoka au aliyekuwa akizungumza, na kalibu huwa haichoki wala haizungumzi. Chumba kizima kilicheka.

Jengo lililindwa. Haikuwa siku ile wala mwezi ule, lakini barua ilikuja. Mwenye jengo alitufukuza kazi, kama ilivyotarajiwa, na kampuni yetu ilipitia miezi migumu. Baada ya mazungumzo marefu ambayo mimi sikuwemo, aliruhusiwa kujenga fleti zake upande wa barabarani, na ukumbi wa nyuma ukawekwa chini ya chama kwa mkataba wa miaka mingi. Kisha msanifu aliyeteuliwa kusimamia ukarabati akamtafuta bosi wangu. Alisema amesoma faili. Alimtaka yule mwanamke wa majani.

Ukarabati ulichukua karibu miaka miwili. Tulianza na paa, kwa sababu jasi isiyo na paa ni sukari. Kisha tukasafisha rangi yote kwa visu vidogo, mita kwa mita, na mwisho tukabaki na ile kona ya kushoto iliyoliwa na unyevu, ambako hapakuwa tena na kitu cha kusafisha. Pale ilibidi kuchonga upya. Nchi nzima ya Ubelgiji ina mafundi wazuri wa kumimina. Wa kuchonga kwa namna ile hatukumpata, isipokuwa mzee mmoja ambaye vidole vyake vilikuwa vikitetemeka.

"Mimi sitaweza kushika kisu," maalim aliniambia. "Utashika wewe. Mimi nitashika macho."

Akanifundisha. Kwanza unachora nakshi kwenye karatasi, unaitoboa kwa sindano kwenye kila mstari, unaiweka ukutani na kuipiga kwa kitambaa kilichojaa vumbi la mkaa, na mstari wa nukta nyeusi unabaki. Jasi yenyewe unaikoroga muda mrefu kuliko tulivyofundishwa shuleni, mpaka ile haraka yake iishe, isigande kwa dakika chache bali ikungoje. Kisha unachonga ikiwa na ubaridi na unyevu, ukikata kwa kulaza kisu, wala husukumi. Vipande vyangu vya kwanza alivitazama akasema ni vizuri, tuvivunje. Tulivivunja kwa majuma kadhaa. Siku aliyopita mbele ya kipande changu bila kusema kitu, akaenda kukaa, nilijua kimekubaliwa.

Ramadhani ilitukuta kazini. Yeye alifunga, mimi nilikuwa nikitoka kula mkate wangu uani, mpaka aliponiambia nikae ndani, nje kuna baridi, njaa yake haiogopi mkate wangu. Nina tabia ya kuimba nikifanya kazi, na nyimbo ninazozijua ni za kanisa letu la Bukavu. Siku moja nilinyamaza katikati ya ubeti, nikamwomba radhi. Alijibu kwamba ukuta ule umesikia makabati yakiburutwa miaka mingi, wimbo wangu hautaudhuru. Nikaendelea.

Kulikuwa na ubishi mmoja tu wa kweli, nao ulihusu ile nyota ya saba. Nusu yake ilikuwa imelegea kwa unyevu, ikang'oka tulipokuwa tukiisafisha, na msanifu alipendekeza, kwa kuwa tunaitengeneza upya, tuipe ncha zake zote kumi na mbili. Mchoro ungekaa sawa. Maalim akasema fundi ndiye anayeamua. Fundi nilikuwa mimi. Nikasema hapana. Nilisema yule mtu alikuja kutoka mbali, akafanya kazi kwenye nchi ya baridi kwa watu ambao hawakuandika jina lake popote, na kitu pekee tunachojua juu yake ni kwamba siku moja alihesabu vibaya. Sikuwa tayari kumfutia hicho. Msanifu alinitazama, akakunja mchoro wake. Nilichonga ncha kumi na moja.

Mama alikuja siku ya ufunguzi kwa sababu nilimpeleka mimi mwenyewe kwa teksi. Alivaa kitenge chake cha bluu. Mlangoni alivua viatu kabla hajaambiwa, akakanyaga zulia kwa soksi, akasimama chini ya kuba na mkoba wake ameukumbatia. Mwanga wa mchana uliingia kwa madirisha ya juu ukapita juu ya jasi, ukilala. Aligeuka taratibu mzunguko mzima. Nilimngoja.

"Alors, mbona hukuniambia?" akasema.

"Nilikuambia, maman."

"Uliniambia musikiti. Hukuniambia iko hivi."

Kisha akaenda kumsalimia maalim, akamwita papa, yaani baba, wakakaa kwenye benchi wakizungumza Kifaransa, yeye wa Bukavu na yeye wa Fez, juu ya magoti na madaktari. Jumamosi iliyofuata pale saluni alinitambulisha upya kwa watu wanaonijua tangu nikiwa msichana. Aliwaambia mtoto wake ndiye aliyewaeleza wakubwa wa urithi kitu wasichokijua. Sikumsahihisha.

Maalim sasa anaishi kwa binti yake, nje ya mji, na hunitumia ujumbe wa sauti akiuliza habari za kona ya kushoto kana kwamba ni mgonjwa. Namjibu kwamba ni kavu. Ukumbi una watu. Siku ya Ijumaa wazee husali humo, wale waliobaki mtaani na vijana wachache. Siku nyingine shule huleta wanafunzi, na siku zile za Septemba ambapo majengo ya kale hufunguliwa kwa watu wote, foleni hufika hadi kwenye duka la mikate. Siku hizo mimi husimama ndani na taa yangu, nikieleza.

Mwaka jana bwana mmoja, Mbelgiji mwenye kamera, aliniuliza mafundi wa nakshi hizi walitoka wapi. Nikamwambia walitoka Fez, ila zile za chini upande wa kushoto zilichongwa na mtu wa Bukavu. Alizitazama kwa muda, akasema haoni tofauti. Nikamwonyesha: kwenye ukingo wa kila jani la kona hiyo kuna mkato mwembamba kama uzi, ulioachwa ili fundi atakayekuja baadaye ajue zipi ni za zamani na zipi ni mpya. Akauliza kama mtu huyo wa Bukavu bado yuko hai. Nikamwambia yuko hai, na Jumatatu ana kazi Ixelles.